Msumeno wa babu wenye mpini mmoja: je, umevunjika?

Mkaazi wa Kisauni:
Assalamu alaykum, ndugu zangu. Nilipowapeleka watoto kwenye maonyesho ya kilimo ya Mkomani, tulisimama muda mrefu mbele ya mashine ya kupasulia mbao, ambayo msumeno wake wa mviringo ulimaliza gogo la mkaratusi kabla mwanangu hajamaliza kuuliza swali lake. Kando yake palipangwa mashoka ya zamani, tezo za kuchongea mbao, kabari za chuma, na msumeno unaonizidi kimo, mpana juu na mwembamba chini. Nyumbani tunao kama huo, alioutuachia marehemu babu, aliyekuwa mpasuaji mbao, lakini wetu una mpini upande wa juu tu, nami tangu utotoni nimeamini kwamba umevunjika. Je, waweza kutengenezwa? Na kwa nini meno yote yameelekea chini?

Seremala wa Majengo:
Wa alaykum salaam. Huo ni msumeno wa shimo, na huenda ni mzima kabisa. Mpini wake wa chini ni kipande cha mti chenye mwanya, ambacho huvishwa kwenye ncha ya msumeno na kukazwa kwa kabari, ili kiweze kutolewa upesi. Gogo huwekwa juu ya shimo au juu ya ulingo wa miti. Mmoja husimama juu yake akiufuatisha msumeno kwenye mstari uliopigwa kwa ngeu, yaani rangi nyekundu ya kutilia alama, na mwenziwe huvuta akiwa chini. Msumeno hukata unaposhuka tu, ndiyo maana meno yameelekea huko. Wanapoukaribia mti unaolibeba gogo, mpini wa chini hugongwa ukatoka, msumeno ukachomolewa kwa juu, gogo likasogezwa, kisha kazi ikaendelea. Nilivuta chini kwa miaka miwili nikiwa kijana, na hadi leo nikisikia harufu ya unga wa mvule macho hunitoka machozi.

Mwunda vyombo:
Nami naomba mwenye swali asiidharau ile tezo. Mataruma ya jahazi, yaani mbavu zake, hutafutwa kwenye matawi yaliyojipinda yenyewe, kwa kuwa nyuzi za mti hufuata pindo hilo. Ukiyapasua mapindo kwa mashine kutoka ubao ulionyooka, nyuzi hukatika na taruma huvunjika mapema. Tezo hulifuata pindo.

Seremala wa Majengo:
Kutu uitoe kwa mafuta ya taa na kitambaa, polepole. Usiupitishe kwenye jiwe la umeme, maana utafuta muhuri wa mtengenezaji.

Mkaazi wa Kisauni:
Mungu awalipe kheri. Nimeufuta jana jioni. Kwenye ncha ya chini, pande zote mbili, chuma kimelika na kulainika kwa upana wa vidole vitatu, pale ambapo mpini ulikuwa ukivishwa na kuvuliwa. Kesho natafuta kipande cha mti mgumu nimchongee babu mpini wake.