Godot, Unity au Unreal: klabu ya chuo inataka kutengeneza gemu la bao, tuchague ipi?

Mtawanya_Kete
Wakuu, habari za muda huu. Klabu yetu ya kompyuta hapa chuoni Dar imekubaliana kutengeneza gemu la bao la kiswahili kwa ajili ya simu. Nasema bao lenyewe: mashimo 32, kete 64, namua kwanza (kuingiza kete za mkononi) halafu mtaji (kucheza zilizo ubaoni), nyumba (lile shimo kubwa), kimbi na kichwa (mashimo ya pembeni), kama wazee wanavyocheza barazani. Hayo ya safu mbili yaliyojaa kwenye simu ni mchezo mwingine kabisa.

Tupo mchanganyiko. Wapo wanaoandika programu, wapo wachoraji, yupo wa sauti, na wapo wa mwaka wa kwanza ambao ndiyo kwanza wanashika kibodi. Laptopu nyingi ni za mtumba zenye RAM ya GB 4, na bando ni la kujibana hadi bumu litoke. Kikao kimekwama kwenye injini, yaani programu ya kutengenezea gemu: kuna kundi la Unity, kuna kundi la Unreal, mimi naelemea Godot. Naomba ulinganisho kutoka kwa watu waliotengeneza gemu wakiwa kundi. Natanguliza shukrani.

Kivuli_3D
Mkuu, mimi Unreal ndiyo mkate wangu, na kwa kazi yako nakwambia usiiguse. Tangu toleo la 5 litoke mwaka 2022, kwa mwanga na mandhari inafanya mambo makubwa. Gharama si tatizo kwenu, maana ile asilimia 5 ya mapato wanayotoza inaanza kudaiwa gemu likishaingiza zaidi ya dola milioni 1. Tatizo ni mashine. Laptopu ya GB 4 haitafungua hata mradi mtupu ukaweza kuufanyia kazi. Halafu Blueprint, ile njia ya kuunganisha visanduku badala ya kuandika msimbo, inahifadhiwa kwenye faili ambazo Git, zana ya kuunganisha kazi za watu wengi, haiwezi kuzisoma ndani. Wawili wakigusa faili moja, kazi ya mmoja inatupwa.

Csharp_Daima
Naitetea Unity. Kwanza, mafunzo yake yamejaa kila kona. Wa mwaka wa kwanza akikwama saa sita usiku anapata jibu bila kumwamsha mtu. Pili, lugha ya programu ya C# anayojifunza humo inamfaa hata kwenye kazi zisizo za gemu. Tatu, leseni ya Personal ni bure mpaka mapato yafike dola 200,000 kwa mwaka, na hakuna klabu ya chuo itakayofika huko kesho. Ajira za gemu za simu zinazotangazwa, nyingi zinataja Unity. Tusiwafundishe vijana kitu kizuri kisichowapa kazi.

Mti_wa_Git
Csharp_Daima, hoja ya ajira ni nzito na siipuuzi. Lakini swali la mkuu ni la watu wengi kwenye mradi mmoja, tena wenye mashine dhaifu. Nimesimamia miradi ya wanafunzi kwenye Unity na kwenye Godot, kwa hiyo naandika kirefu kidogo.

Gemu la kundi halifi kwa sababu injini haina mwanga mzuri. Linakufa siku ya kuunganisha kazi. Mchoraji kasogeza ubao, mwandishi wa programu kaongeza kitufe cha kurudia, wote kwenye onyesho lilelile (scene, yaani faili la sehemu moja ya gemu), kila mmoja kwake. Wakikutana, Git inalalamika, hakuna anayejua akubali upande upi, na watu wanaanza kutumiana folda nzima kwa WhatsApp. Hapo mradi umekwisha, mnasubiri tu kuutangaza.

Kwenye Godot onyesho ni faili la maandishi la .tscn linalosomeka kwa macho. Mstari mmoja unasema hiki ni kipande gani, unaofuata unasema kipo wapi na kina picha gani. Migongano bado hutokea, ila mwanafunzi anaweza kulifungua faili, akaona mistari miwili inayogombana na akachagua. Unity nayo huhifadhi onyesho kwa maandishi na ina zana yake ya kuunganisha, lakini yamejaa namba ndefu za utambulisho, na kila faili lina mwenzake wa .meta unaobeba utambulisho wake. Mtu akisukuma picha akasahau .meta yake, kwa wenzake picha inapotea mahali pake. Kosa hilo nimeliona kwa kila kundi jipya.

Uzito nao uangaliwe. Godot ni faili moja la zipu lisilofika MB 200. Unalinakili kwa flashi, unalifungua, unafanya kazi. Unity na vifurushi vya Android ni GB kadhaa. Zidisha kwa idadi ya wanachama, halafu uniambie nani analipa bando. Kwenye mashine za GB 4, anzisheni mradi kwa mtindo wa Compatibility, unaotumia OpenGL, njia ya zamani ya kuchora kwenye kioo, maana kadi nyingi za michoro za zamani haziiwezi Vulkan, njia mpya.

Na leseni: Godot ni programu huria tangu 2014, kwa leseni ya MIT. Unity, tarehe 12 Septemba 2023, walitangaza kutoza kwa kila usakinishaji gemu likipita kiwango fulani. Wameifuta mwaka uliofuata, sawa, lakini kila aliyekuwa na mradi katikati alikosa usingizi.

Csharp_Daima
Kweli waliifuta Septemba 2024, na hata ingebaki, isingegusa gemu dogo. Hilo lisiwe sababu yenu. Ila kwa GB 4 za RAM nakubaliana na Mti_wa_Git, Unity itawatesa.

Dada_Michoro
Naomba na sisi wachoraji tusikilizwe, maana mijadala hii huwa ya waandishi wa msimbo peke yao. Ninachohitaji ni kuona mchoro wangu ndani ya gemu siku hiyohiyo nilipouchora. Nikiambiwa nitume picha nisubiri wiki mtu aiweke, nachoka. Injini nyepesi maana yake na mimi ninayo kwenye mashine yangu: naweka picha ya komwe, hizo mbegu za kuchezea kete, kwenye shimo, nabonyeza, naona kama rangi ya kijivu inapotea kwenye mbao.

Mtawanya_Kete, kwa bao hili mtakumbana na jambo moja ambalo injini haiwatatulii. Kwenye simu ya kioo kidogo, safu nne za mashimo nane, kidole kinafunika mashimo mawili. Na nyumba ikishajaa kete, mchezaji lazima ajue ni ngapi bila kuhesabu vichwa vya komwe. Chorani marundo ya aina chache, moja mpaka nne zionekane wazi, zaidi ya hapo rundo na namba pembeni. Na sauti rekodini ya komwe halisi zikidondoka kwenye ubao halisi. Hiyo hakuna maktaba ya sauti itakayowapa.

Maktaba_ya_Gemu
Mambo haya yana historia. Gemu la Spacewar! la mwaka 1962 pale MIT, chuo cha Marekani, lilitoka kwa kundi ambalo wengi wao walikuwa wanachama wa klabu ya reli za kuchezea. Steve Russell aliandika kiini kwenye kompyuta ya PDP-1, Peter Samson akaongeza anga lenye nyota kama zilivyo kweli, Dan Edwards akaweka mvutano wa nyota ya katikati, Alan Kotok na Bob Saunders wakatengeneza visanduku vya kuongozea. Kila mtu alikuwa na kipande chenye jina lake. Nanyi gaweni hivyo: mwenye namua, mwenye mtaji, mwenye ubao, mwenye sauti.

Mti_wa_Git
Hapo umegusa penyewe. Naongeza: kanuni za bao ziandikwe mbali na michoro. Ubao ni orodha ya namba 32 tu, pamoja na kete zilizobaki mkononi mwa kila mchezaji. Anzeni na hali ya mwanzo: nyumba ina 6, mashimo mawili ya jirani 2 na 2, mkononi 22. Andikeni majaribio kama "kwenye namua, kula kukiwezekana ni lazima ule", na yapite kabla hamjachora chochote. Wa mwaka wa kwanza anayejua lugha ya Python kidogo ataisoma GDScript, lugha ya Godot yenyewe, bila shida. Na wekeni kikomo cha mizunguko kwenye mtawanyo mmoja, kwa sababu bao lina hali ambazo kete huzunguka bila kukoma na simu itaganda.

Pwani_Msa
Kutoka Mombasa: mkishamaliza, msikimbilie Play Store. Kuna ada ya dola 25 mara moja, na akaunti mpya ya mtu binafsi hudaiwa majaribio ya watu 12 kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuruhusiwa kuchapisha. Wekeni kwanza toleo la kivinjari itch.io, tovuti ya kuwekea gemu, ni bure. Kwa sababu hiyo shikeni GDScript. C# kwenye Godot 4 ilikuja bila uwezo wa kutoa toleo la kivinjari.

Mtawanya_Kete
Wakuu, nashukuru sana, nimeusoma uzi wote mbele ya kikao. Tumepitisha Godot. Wa Unity wamekubali kwa sharti kwamba kanuni ziandikwe mbali na michoro, ili mbele wakitaka kuzihamishia C# waweze. Dada wa sauti keshaazima ubao na komwe kwa babu yake Temeke. Swali lililobaki: nani amiliki onyesho kuu la ubao, maana kila mtu analitaka?

Mti_wa_Git
Asilimiliki mtu. Shimo liwe onyesho lake, kete onyesho lake, mkono wa mchezaji onyesho lake, kila moja na mwenyewe. Onyesho kuu liyaite hayo tu, na mabadiliko yake yapite kikaoni, mtu mmoja akiandika wengine wakitazama.

Dada_Michoro
Na shimo nipeni mimi.