Vinyigu vyenye mkia mrefu juu ya maembe mabovu: vinajuaje kama funza yumo?

Ngowe_Sabaki

Hamjambo wadau. Nina miembe 40 huku Sabaki, karibu na Malindi, mingi ni ngowe, michache apple na boribo. Msimu huu funza wamenimaliza. Broka alikuja juzi, akapasua maembe matatu kwa kisu chake, mawili yakawa na funza. Akakunja kisu, akaondoka hata chai hakunywa.

Sasa swali. Jumapili nilikuwa chini ya mwembe nikiokota yaliyoanguka, nikaona vidudu vyekundu kama kutu, vyembamba, vina uzi mweusi nyuma mrefu kupita mwili wenyewe. Vilikuwa vinatembea juu ya embe lililochacha, papasi zao, zile nyuzi za kichwani, zikigonga ganda tap tap tap, halafu kimoja kikainua ule mkia kikauchomeka ndani. Pembeni palikuwa na embe jingine, zima, bivu, limeanguka usiku huo huo. Hakuna hata kimoja kilichohangaika nalo.

Binti yangu wa kidato cha pili anasema hao ndio wanaotuzalia funza. Jirani anasema nichome kila kitu. Ni adui au siyo? Na kama wanamtafuta funza, wanajuaje yumo, wakati mimi mwenye shamba sijui mpaka nipasue?

DawaTu_Makueni

Ndugu, piga dawa mti mzima, juu mpaka chini. Sisi huku tumepigana na huyu nzi wa matunda mgeni, anayetuzalia funza, tangu alipoonekana Kenya 2003, na 2014 nchi ikasimamisha yenyewe kupeleka maembe Ulaya kwa sababu yake. Huna muda wa kuuliza kila kidudu kinataka nini.

Bibi_Nyigu

Mwanangu wa Sabaki, weka kiberiti chini. Na wewe wa Makueni, nivumilie kidogo, nitakuja kwako.

Miaka saba nilifanya kazi ya kulea hao hao unaowaona. Asubuhi nawapa asali kwenye pamba, jioni nawahesabu. Kwa ulivyoeleza, rangi ya kutu na mkia wa uzi, anafanana na yule tuliyemwita Longi, jina lake la kitaalamu *Diachasmimorpha longicaudata*. Huo mkia ni wa jike, ni mrija wa kutagia mayai, wala hana habari na mkono wako. Akimpata funza wa nzi anamtagia yai mwilini. Funza anaendelea kula, anaanguka udongoni, anakuwa pupa kama wenzake, lakini ndani ameshaliwa. Siku ya kutoka anatoka nyigu.

Sasa anajuaje. Akiwa mbali hamfuati sana funza mwenyewe. Anachofuata zaidi ni embe lililochacha. Funza wakishavuruga nyama ya tunda, ukungu unaingia, sukari inaanza kuchacha, na hapo hewani kunatoka spiriti, siki na kitu kinaitwa asetaldehidi, ile harufu kali ya tunda lililopitiliza. Wewe mtu wa Malindi nisikufundishe: pita mangweni, wanakonywa tembo, saa nane mchana, ndiyo hiyo. Wataalamu wa Florida walilionyesha jambo hili miaka ya 1970, kwamba tunda lililooza kwa ukungu humvuta hata kama funza hamna. Ndiyo maana lile embe zima halikumshughulisha. Lilinukia vizuri kwako, kwake halikuwa na habari yoyote.

Akishatua ndipo anamtafuta funza mwenyewe. Kule kugonga kwa papasi uliona ni kunusa na kupapasa, na miguu inasikia mtikisiko wa funza anapotafuna. Funza akitulia tuli, nyigu anaweza kumpita.

Kazini tulikuwa tunawabana funza katikati ya vitambaa viwili vilivyowambwa kwenye fremu, kama vile vya kutarizia. Siku nyigu wakiwa wavivu tunapaka juu yake nyama ya embe lililochacha, wanaamka wote wanaanza kudunga. Mara moja kijana mgeni aliingia na ganda la ndizi mbovu mfukoni mwa koti. Waliotoroka wote walikwenda kwake. Alicheza ngoma peke yake pale, sisi tunacheka.

Yuko na mwingine usiyemwona, *Fopius arisanus*. Huyo hangoji uozo. Anapanda mtini, anafuata harufu ya tunda ambalo nzi ametoka kulitagia, na anatagia ndani ya mayai ya nzi kabla funza hajazaliwa. Wote wawili waliletwa na icipe, kile kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, kutoka Hawaii mwaka 2006. Tulikuwa na nyigu wetu wa asili, lakini wakimtagia nzi huyu mgeni, damu ya funza inalizingira yai la nyigu na kulikaba mpaka life. Wamezoea nzi wa kwetu, huyu hawamwezi.

Kwa hiyo ukichoma yaliyoanguka unachoma nzi na askari wako pamoja. Ukiyafukia futi mbili, vile vile. Ukiyaacha wazi, nzi wanarudi mtini. Tengeneza kihema cha wavu, tupia mabovu yote humo, funga kabisa. Wavu uwe wa tundu linalompitisha nyigu na kumzuia nzi. Usiulize dukani, watakuuzia chochote. Weka maembe mabovu kwenye ndoo, funika mdomo kwa kipande cha wavu unaotaka kununua, subiri uone nani anatoka.

Michungwa_Muheza

Shikamoo bibi. Huku kwetu tunawaachia majimoto, wale chungu wakali wa mtini, kwenye michungwa, wanapofanya viota nzi wanapungua. Hawatawala hao nyigu?

Bibi_Nyigu

Marahaba. Majimoto nao ni mambo ya harufu: huacha alama zao juu ya tunda na nzi jike akizinusa hataki kutaga. Waafrika Magharibi wamelichunguza sana hilo kwenye maembe. Lakini umeuliza vizuri, kwa sababu majimoto humsumbua yule nyigu wa mayai anapofanya kazi juu mtini. Wa chini kwenye mabovu ana nafasi zaidi. Mimi nisingewafukuza majimoto kwa ajili hiyo. Ningewafukuza siku ya kuchuma tu, na hiyo unajua mwenyewe kwa nini!

DawaTu_Makueni

Sawa bibi, lakini nina mitego ya methili eujenoli kumi na miwili. Inaua nyigu wako pia?

Bibi_Nyigu

Hapana. Hiyo harufu inaita madume ya nzi peke yake, nyigu haimhusu. Iache. Kinachoua nyigu wangu ni huko kupiga mti mzima juu mpaka chini ulikomshauri mwenzako. Tumia chambo cha protini chenye dawa, unapiga kiraka kimoja kwenye majani, mahali padogo tu. Nzi jike anahitaji protini ili atengeneze mayai, atakuja mwenyewe. Nyigu ana shughuli nyingine mahali pengine.

Na usinielewe kwamba nyigu atamaliza nzi wote. Hatamaliza. Ukiokota mabovu kila siku mbili, ukaweka mitego, ukapiga viraka, nyigu anafanya sehemu yake. Ukilala yeye hakubebi.

Ngowe_Sabaki

Narudi baada ya wiki tatu. Nilijaribu nyavu mbili kwa ndoo kama bibi alivyosema. Ya kwanza, chandarua cha zamani cha mama, ilikuwa na matundu ya kuchanika ambayo sikuyaona, nzi wakatoka wote asubuhi moja. Nimeudhika sana siku hiyo.

Ya pili imekubali. Jana nimekuta nzi wanatambaa chini ya wavu, hawatoki, na nyigu watatu wamejipenyeza juu wanajisafisha papasi. Binti ameandika tarehe kwenye daftari lake la bayolojia na kunikumbusha kwamba yeye hakusema ndio wanaozaa funza, alisema "huenda".

Kihema nimekisimamisha chini ya ngowe mkubwa. Jirani wa kiberiti amekuja leo na karai la maembe yake mabovu, anauliza kama mna nafasi.