Gundi haishiki kwenye majani ya mpunga, tufanyeje tupate bodi?

Ubaruku_Mpunga: Wakuu habari za humu. Nipo Mbarali, huku tukishavuna watu wanachoma majani ya mpunga shambani, moshi mpaka barabarani, inauma kweli maana ni mali ile. Mimi na wenzangu tunataka kutengeneza bodi za silingi na patisheni. Tunakatakata majani na mashine ya malisho, tunachanganya na gundi ya yurea fomaldehaidi ileile ya chipubodi halafu tunagandamiza kwenye presi ya moto. Vumbi la mbao linashika fresh ila majani yanabanduka, ukivunja bodi unakuta jani bado linang'aa kama halijaguswa na gundi. Shida ni gundi au majani? Na inawezekana bila gundi kabisa?

fundi_presi: Mkuu hapo kwenye kung'aa ndo penyewe. Jani la mpunga au ngano lina nta kwa nje na mpunga una silika nyingi (madini magumu kama ya mchanga), sasa yurea ni gundi ya maji, inateleza juu tu. Ndani ya bua ndo panashika, kwa hiyo usiishie kukatakata, pitisha kwenye kinu cha nyundo lipasuke kwa urefu. Jiandae tu kubadilisha nyundo mara kwa mara, silika inazila sana. Halafu viwanda vya bodi za majani ya nafaka vinatumia zaidi gundi ya isosayaneti, ile wanaita pMDI, asilimia 3 mpaka 6 ya uzito wa majani inatosha. Bei yake ni kubwa lakini inashika.

Neema_bodi: Naongezea, pMDI inashika mpaka bamba la presi, lazima upake dawa ya kuachia la sivyo bodi haitoki. Na jamani mvuke wake kabla haijaiva unaharibu mapafu, glovu na barakoa ya kemikali, hewa ipite, msichukulie poa. Majani pia yakauke mpaka unyevu uwe chini ya asilimia 10, yakiwa na maji unafungua presi mvuke unapasua bodi katikati pah! kazi yote imeisha.

mzee_wa_karakana: Bila gundi ipo, ilianzia Sweden miaka ya 1930 ikaendelezwa Uingereza, wanaita Stramit. Majani hata hayasagwi, yanasukumwa mfululizo kwenye joto la kama nyuzi 200 yanashikana yenyewe, kisha yanabandikwa karatasi nzito pande zote mbili. Ila bodi inatoka nene, milimita 58 hivi, kwa patisheni safi sana, kwa silingi ni nzito. Na usiweke bafuni.

Ubaruku_Mpunga: Asanteni sana wakuu. Je, majani yaliyonyeshewa shambani yanafaa tukiyaanika?

Neema_bodi: Yakishakuwa meusi na kunuka ukungu achana nayo, yameshaoza nguvu imekwisha. Fungeni marobota mara tu baada ya kuvuna yakiwa makavu, mpange juu ya magogo chini ya bati.