Wapigaji gita nisaidieni, kodi ya F imenishinda na siku zimebaki tisa

Mtoto_wa_Kikwajuni: Asalaam aleikum wanajamvi. Mwezi wa nne huu najifunza gita mwenyewe kwa YouTube. Ni lile la klasiki, la nyuzi za nailoni. Kodi, yaani nyuzi kadhaa kupigwa pamoja, za G, D, Em na C nazipata, na kwa hizo nne nyimbo zangu za pop-rock nazifikisha nusu. Ikija F basi. Nalaza kidole cha shahada juu ya nyuzi zote sita, nabana mpaka ukucha unakuwa mweupe, kinachotoka ni tk, tk, kama mtu anatikisa kibiriti. Nifanyeje?

Mla_Urojo: Kodi ya F? Mie najua kodi ya nyumba, na hiyo nayo imenishinda.

FundiUdi: Kijana, usikilaze kidole. Uzi wa nne bana freti ya tatu (zile nafasi za shingoni), wa tatu freti ya pili, wa pili freti ya kwanza, ule mwembamba kabisa uwache wazi. Nyuzi mbili nene usiziguse. Si F yenyewe, ni binamu yake, lakini ukumbini hatojua mtu. Siku tisa za nini?

Bi_Chake: Mwanangu, babaako anajua? Marehemu mume wangu alikuwa na udi, kila usiku taarab, mie nabaki kusikiliza mlango. Nikamwambia chagua, udi au mie. Akauza udi. Wiki ya pili akanunua fidla.

Mtoto_wa_Kikwajuni: Bibi, shikamoo. Kuna shughuli tu.

FundiUdi: Shughuli gani?

Mtoto_wa_Kikwajuni: Haya. Hoteli moja Paje, Jumamosi ya wiki ijayo, masaa mawili. Nimewaambia nina nyimbo ishirini. Advansi laki na nusu nishaipokea, na msinambie nirudishe, nishalipia deni na shati. Kwani Freddie Mercury si mtoto wa Mji Mkongwe, kazaliwa 1946? Gita alikuwa anajua kidogo tu, na Crazy Little Thing Called Love kaitunga kwa hilo hilo gita.

Kojani_Asili: Freddie ubavuni alikuwa na Brian May, mpiga gita wa bendi yake. Wewe una nani?

Bi_Chake: Ana deni.

Kojani_Asili: Na chuo cha muziki kipo mjini hapo hapo tangu 2002, wewe unahangaika na YouTube.

Mtoto_wa_Kikwajuni: Ada sina, yakhe. Nyuzi zenyewe zishaanza kutu kwa hewa ya bahari, mpya sijui ntazipata wapi.

Mpemba_Mkavu: Simama hapo. Nailoni inapata kutu tangu lini? Huu uzi wa jamvini ni wa kutunga. Hakuna gita, hakuna Paje, kuna mtu hana la kufanya. Weka picha.

FundiUdi: Taratibu. Zile tatu nene huzungushiwa madini, hubadilika rangi. Kijana, upi wenye kutu?

Mtoto_wa_Kikwajuni: Ule mwembamba kabisa.

Mpemba_Mkavu: 😂😂😂

Mtoto_wa_Kikwajuni: Wallahi situngi. Nilizitoa za nailoni nikatia za chuma. Nailoni inalia kama kasida, mie nataka rock.

FundiUdi: Lahaula. Basi F haina kosa. Nyuzi za chuma huvuta karibu mara mbili ya nailoni, na gita la namna hiyo kwa kawaida shingoni halina fimbo ya chuma ya kuhimili. Shingo inapinda, nyuzi zinapanda juu, wewe unabana hewa. Chukua karatasi ya daftari, ipenyeze chini ya daraja, pale zinapofungiwa.

Mtoto_wa_Kikwajuni: Imeingia mpaka nusu.

FundiUdi: Legeza zote sita sasa hivi, kidogo kidogo. Daraja linang'oka hilo, siku yoyote litaruka na kipande cha ubao. Ulilinunua bei gani?

Mtoto_wa_Kikwajuni: Si langu. La shemeji. Yuko Wete, anakuja na boti kesho.

Mla_Urojo: Boti ya saa ngapi? Nije bandarini mapema nipate pa kukaa.