Saa mbili za mwanzo ukumbini ni za nani?

Mfungua Ukumbi, Mwanga

Ndugu zangu wa Kigoma, naomba mnihukumu.

Jumamosi iliyopita nilipewa saa mbili usiku hadi saa nne, nifungue kabla ya dijei mkubwa aliyetoka Mwanza. Ukumbi sitautaja, uko huku huku Mwanga na wengi wenu mmeshakunywa soda zake za moto. Saa mbili na nusu nina watu 14. Niliwahesabu kwa kukosa kazi: wazee watano meza ya karibu na mlango, mume na mke wa sare ya kitenge, dada watatu na mikoba yao ya kazini, waliobaki ni wahudumu na mlinzi.

Nikaanza na rumba ya taratibu, nikaja kwenye zouk, nikagusa bongo fleva ya zamani, ile ya kuimba. Sauti niliiacha chini, mtu aongee na mwenzake bila kumpigia kelele sikioni. Ilipofika saa tatu, miguu inacheza chini ya meza. Yule wa kitenge akamsimamisha mkewe, wakacheza pale pale katikati ya viti, hata uwanjani hawakufika. Kwangu mimi kazi ya kufungua ni hiyo. Mguu ukishaanza chini ya meza, baadaye utamnyanyua mwenyewe.

Mwenye ukumbi akaja nyuma ya mashine: "Wewe, hili ni disko au matanga?" Anataka singeli. Nikamwambia, bosi, singeli ina mapigo 200 kwa dakika na zaidi. Amapiano yako kwenye 112 hivi, zouk nyingi hazifiki 100. Ukishampeleka mtu 200 saa tatu usiku, ukimrudisha 110 ataona kama umeme umepungua nguvu. Na huyo mgeni tuliyemlipia nauli kutoka Mwanza atampeleka wapi? Hakunielewa. Asubuhi bahasha yangu imepungua elfu kumi.

Elfu kumi nimeshaisamehe. Ninachouliza ni hiki: mwenye ukumbi ana haki ya kunichagulia nyimbo za kufungulia? Na hizo saa mbili ni za nani: zangu, za mgeni, za mwenye mlango, au za wale 14?

Mwenye Kaunta, Gungu

Mwanangu, pole. Kumkata mtu hela bila kumwambia mapema ni dhuluma, hilo sibishi.

Lakini kaa na mimi kaunta. Mlango wangu unatazama barabara. Kijana wa bodaboda anapita, anapunguza mwendo, anasikiliza kidogo tu. Akisikia gitaa linalia taratibu anasema humu wamo wazee, anaongeza mafuta huyo anakwenda kwingine. Akienda yeye anakwenda na abiria wake. Wewe unawaza namna ya kumpisha mgeni, mimi nawaza nitamlipaje huyo mgeni. Spika nimekodi, mlinzi anataka chake, barafu inayeyuka. Na bia hainywewi na mguu ulio chini ya meza.

Dijei Mstaafu, Ujiji

Mama, heshima yako, ila hapo kuna jambo la sauti ambalo wenye kumbi huwa hawalisikii kwa sababu wamesimama kaunta.

Ukumbi mtupu unapiga kelele wenyewe. Bati juu, saruji ukutani, vigae chini, sauti haina pa kulala, inarudi. Watu ndio godoro lake. Wakiwa 14, hata sauti ndogo inawagonga vichwa, na wakijaa, sauti ile ile hawaisikii. Kwa hiyo aliyefungua kwa sauti ya chini alifanya vema. Sikio likichoka saa tatu, saa sita halina hamu tena, hata ulipigie nini. Wapo vijana huingia na taa za miksa zimeshakuwa nyekundu kwa sauti kupita kiasi toka wimbo wa kwanza, halafu mgeni akija hana pa kupandisha, anabaki kupiga kelele kwenye maiki.

Unataka barabara isikie? Chukua spika moja ndogo, iweke mlangoni ielekee nje. Anayepita atasikia vizuri, mzee wa meza ya mlangoni hatapasuliwa.

Sasa wewe kijana, nikuulize. Umesema rumba ya taratibu. Sebene, ile sehemu ya mwisho ya magitaa, uliiacha ije au uliikata?

Mfungua Ukumbi, Mwanga

Niliikata, mzee. Kila wimbo nilitoka kabla magitaa hayajachomoka, ili joto lisipande mapema.

Dijei Mstaafu, Ujiji

Basi bosi wako kakutoza kwa kosa lisilo lako, lakini kosa unalo.

Rumba ni nyumba ya vyumba viwili. Cha kwanza maneno, sauti zinapokezana, mtu anatulia. Cha pili magitaa peke yake, mtu anaamka. Watu wa ziwa hili wamekulia kwenye muziki wa ng'ambo, redio ya Congo inaingia jikoni bila kubisha hodi. Mzee wa Ujiji anavumilia maneno dakika nne akisubiri chumba cha pili. Wewe unamfikisha mlangoni, unamgeuza. Halafu unamfanyia hivyo nyimbo sita mfululizo! Kwenye dansi letu la Tanzania sehemu hiyo iliitwa chemko, na jina halikutoka hewani. Umebandika maji, yanataka kuchemka, unaipua. Unabandika mengine, unaipua. Chai itanywewa saa ngapi?

Hiyo tabia imetoka kwenye muziki wa kompyuta, ambao wimbo ni pigo moja toka mwanzo hadi mwisho, ukiukata popote haulii. Rumba inalia. Ukitaka joto lisipande, chagua wimbo ambao sebene yake ni ya upole, iache iishe, kisha ingiza mwingine kwa maneno. Rumba inajipandisha na kujishusha yenyewe, usiisaidie.

Dada wa Katonga

Nimesoma yote, naona mnagawana saa ambazo si zenu.

Mimi ni mmoja wa hao mnaowaita wa mapema. Natoka kazini, napita ukumbini, saa nne na nusu naondoka kwa sababu mtoto nimemwachia bibi yake na bodaboda ya usiku wa manane kwenda Katonga ina bei yake na mashaka yake. Kiingilio nalipa sawasawa na anayekuja saa saba amelewa. Sasa mnaponiambia hizi saa mbili ni za "kupasha", mnampashia nani? Mimi si kuni za mtu mwingine. Disko langu linaanza saa mbili na linaisha saa nne na nusu, na kila wiki naondoka kabla halijachemka.

Singeli sitaki, nimeshinda nimesimama. Ila saa tatu na robo nipe nyimbo tatu za kuninyanyua kweli kweli, nitoke jasho, halafu shusha tena upendavyo. Mgeni wa Mwanza nyimbo tatu hazitamuua.

Mtu wa Kibirizi

Kabla hamjaendelea: Jumamosi hiyo mwezi ulikuwaje?

Siulizi kwa utani. Dagaa tunavua kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu maji yanang'aa yote, dagaa hawaifuati taa, tunaegesha mitumbwi siku kadhaa. Hapo ndipo tunakuja ukumbini, na tunakuja mapema, hela ipo, na kwa wiki tatu hatujasikia kitu isipokuwa injini. Ukitupigia zouk saa mbili usiku tutasinzia mezani, maana tumezoea kulala mchana. Siku hizo tupige moto tangu mlangoni.

Giza likirudi tuko ziwani, ukumbi unabaki na wazee na watu wa ofisini. Na ziwa likifungwa tusivue, kama 2024 lilivyofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, vijana tuko nchi kavu tele lakini mifuko mitupu, tunasikilizia nje ya ukuta. Orodha moja ya nyimbo kwa mwezi mzima haifai Kigoma.

Mfungua Ukumbi, Mwanga

Nimetoka kuangalia kalenda. Ilikuwa giza tupu. Kumbe bosi alitaka niwapigie singeli watu walioko katikati ya ziwa!

Mwenye Kaunta, Gungu

Bodaboda hawavui dagaa.

Mnyamwezi wa Isevya, Tabora

Mtuvumilie majirani wa reli. Huku tulikuwa na bendi ya Tabora Jazz na mtindo wao wa Segere Matata, tulikuwa na Nyanyembe Jazz. Baba yangu hasemi kabisa habari ya kufungua na kufunga. Anasema ulikuwa unaingia, bendi iko taratibu, ukiinua kichwa shati limelowa. Hakuna aliyekwambia sasa tumemaliza kupasha. Kwa hiyo namuunga mkono dada wa Katonga: kama watu wanaiona saa ya kupasha, basi imepashwa vibaya.

Ila kaka wa Mwanga, kuna swali hujaulizwa. Uliongea na mgeni kabla ya kuanza? Dijei yeyote anayekuja Kigoma lazima kabeba Diamond na Ali Kiba, wote asili yao ni huko kwenu, na ndio silaha yake ya saa sita. Ukizipiga wewe saa tatu hata kwa sauti ya chini, umemwibia. Mtumie ujumbe: kaka, zipi niziache? Anakutajia tano au sita, zilizobaki ni zako.

Mfungua Ukumbi, Mwanga

Sikumuuliza. Nilimwona mkubwa, nikaogopa. Na kweli zilipita mbili za Diamond mikononi mwangu, za zamani, nikadhani hazihesabiki.

Bosi kanipigia leo, anataka nifungue tena Jumamosi, naye kapunguza ukali. Nimemwomba spika ya mlangoni, amekubali. Mgeni nitamwandikia. Sebene naiacha iishe, mzee wangu wa Ujiji. Saa tatu na robo nyimbo tatu za dada, ajue mlango uko wazi. Sina tu muziki wa Nyanyembe Jazz usiokwaruza, niliyo nayo inalia kama samaki kwenye mafuta ya mawese.

Mnyamwezi wa Isevya, Tabora

Baba ana kanda. Nitairekodi upya nikutumie, ila upande B umeliwa na panya.

Mwenye Kaunta, Gungu

Na singeli? Hata moja, kwa ajili ya barabara?

Mfungua Ukumbi, Mwanga

Mama, mwezi mpevu uje kwanza.