Prof Kibwana: usomi wa sheria ulimsaidia Makueni ama?

Msafiri_Wote: Wadau, Kivutha Kibwana alikuwa mkuu wa kitivo cha sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, baadaye akawa mbunge 2002, waziri, kisha gavana wa Kaunti ya Makueni 2013 hadi 2022. Swali langu, ile sheria ilimsaidia kweli au ni jina tu?

Kalamba_boy: Ilimsaidia sana bana. Wakati MCA, yaani wawakilishi wa bunge la kaunti, walimbana kuhusu bajeti mpaka risasi zikalia pale bunge la kaunti 2014, mwingine angehonga watu yaishe, yeye akaona heri kaunti yote ivunjwe wote warudi kwa wananchi, tume ikaundwa ikasikiza watu, Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuivunja kaunti 2015 lakini kelele zilipungua. Huyo ni mtu anajua katiba, alishaipigania tangu enzi za Moi.

MamaMboga254: Mimi sheria sijui, najua ile kadi ya matibabu ya MakueniCare. Wakati wake ilikuwa shilingi 500 kwa mwaka, familia nzima ikitibiwa hospitali za kaunti. Na wakulima wa maembe wakapata kiwanda pale Kalamba, hayo yanaonekana kwa macho.

Msafiri_Wote: Sawa mama, lakini mbona 2022 akitaka useneta akaangushwa na Dan Maanzo wa chama cha Wiper?

Kalamba_boy: Si Maanzo pia ni wakili 😂 Ukambani, kwa Wakamba, bila Wiper wewe ni msindikizaji tu, hata uwe profesa mara mbili.