MJADALA: Ahadi walizopewa Israeli ni zetu kweli au tunadandia tu?

Msomaji wa Nyakati (mleta mada):

Wakuu, naomba hili tulijadili kwa utulivu bila kuitana mapepo.

Kila mwaka mpya, kuanzia kwenye mkesha wenyewe, makanisa yetu mengi yanatangaza mwaka wa kitu fulani, mwaka wa kumiliki, mwaka wa kuvuka, mwaka wa marejesho, na chini yake unabandikwa mstari, mara nyingi Yoshua 1:3, "Kila mahali zitakapopakanyaga nyayo za miguu yenu nimewapa ninyi", afu watu wanaambiwa waende wakakanyage viwanja wanavyovitaka. Mimi mwenyewe ni mlokole, sibezi imani ya mtu. Ila aliyeambiwa pale ni Yoshua, na mstari wa nne unataja na mipaka kabisa, toka jangwani na Lebanoni mpaka mto Frati. Kigamboni yetu ya Dar haimo.

Mimi naamini Biblia ni simulizi moja, toka bustani ya Mwanzo mpaka mji wa Ufunuo, na naamini sisi tumo ndani yake. Ugomvi wangu ni wapi tumo. Tunavyohubiriwa ni kama kila mstari ni hundi imeandikwa jina letu, kazi yetu ni kwenda kuitoa tu.

Chukueni Yeremia 29:11, mstari wa stetasi zote, "nayajua mawazo ninayowawazia ninyi". Ile ni barua. Imetumwa kwa watu waliokwisha kubebwa mateka Babeli, lile kundi lililoondoka na mfalme Yekonia mwaka 597 kabla ya Kristo. Sasa rudi sura moja nyuma, ya 28, kuna nabii anaitwa Hanania mtu wa Gibeoni, amesimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote anatangaza kwamba ndani ya miaka miwili nira ya Babeli imevunjwa, vyombo vya hekalu vinarudi, Yekonia anarudi, wote wanarudi. Nani pale asingesema amina? Hata Yeremia mwenyewe alisema amina, Bwana na afanye hivyo! Afu baadae anatumwa kumwambia Hanania amewatumainisha watu uongo, na Hanania akafa mwaka huohuo mwezi wa saba. Ndo kwenye sura ya 29 inakuja barua, jengeni nyumba huko, pandeni bustani, oeni, uombeeni amani mji wa Babeli, maana ni miaka 70. Yaani mtu mzima aliyesikia ile barua ikisomwa alikuwa anaambiwa kistaarabu kwamba wewe utazikwa hukuhuku, watakaorudi ni wajukuu. Mstari wa 11 umekaa hapo katikati.

Sasa sisi tunaoubandika usiku wa kuamkia mtihani wa kidato cha nne tuko upande wa nani, Yeremia au Hanania?

Karibuni.

Pasta Kijana:

Mtumishi umesoma, hilo nakupa. Lakini unawanyang'anya kondoo chakula. 2 Wakorintho 1:20 inasema ahadi zote za Mungu katika Kristo ni Ndiyo, ZOTE, haijasema baadhi. Na hiyohiyo Yoshua 1 unayotuchekea, shuka mistari miwili tu, wa tano, "sitakupungukia wala sitakuacha", alikuwa anaambiwa nani? Yoshua. Sasa fungua Waebrania 13:5 uone mwandishi anawapa Wakristo neno hilohilo kama lao. Yeye alidandia? Kama mwandishi huyo aliruhusiwa kuchukua ahadi ya Yoshua akampa mtu ambaye hajawahi kuvuka Yordani kwa nini mimi wa Tabata nisichukue?

Msomaji wa Nyakati:

Pasta hiyo ni hoja nzito na nilikuwa nangoja nani ataileta. Waebrania 13:5 ndo andiko langu la kwanza kabisa. Angalia alichochukua na alichoacha. Kachukua "sitakuacha", ardhi kaiacha palepale. Na mstari unaanzaje? "Msiwe na tabia ya kupenda fedha, mwe radhi na vitu mlivyo navyo, kwa kuwa yeye mwenyewe amesema..." Yaani ahadi ya Yoshua anaitumia kuwatuliza watu wasikimbilie mali, na sura ya 10 imeshatuambia hao watu walinyang'anywa mali zao wakakubali kwa furaha. Sisi sura ileile ya Yoshua tunaitumia kuwatuma watu wakatafute mali. Kwa hiyo ndiyo, tumeruhusiwa kuchukua, ila tuchukue kwa njia aliyochukua yeye.

Mchambuzi Huru:

Nyie wote mnaanza na kitu ambacho hamjakithibitisha. Simulizi moja kivipi? Vitabu 66 kwa Waprotestanti, 73 kwa Wakatoliki, Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia wanahesabu 81, hiyo simulizi moja ina kurasa ngapi sasa? Wayahudi wana vitabu vilevile vya Agano la Kale, wao wanavihesabu 24, na mpangilio wao unaishia na Mambo ya Nyakati, mfalme Koreshi anatoa tangazo watu wapande kurudi Yerusalemu kujenga. Wakristo wakamweka Malaki mwishoni, anasema nabii Eliya anakuja, geuza ukurasa unamkuta Yohana Mbatizaji. Vitabu vilevile ila miisho miwili tofauti kabisa. Aliyepanga rafu ndiye katunga simulizi, msimsingizie Mungu.

Msomaji wa Nyakati:

Mchambuzi hapo kwenye mpangilio sikubishii, ni kweli kabisa, na Wakristo wengi hawajui kwamba Myahudi akifunga Biblia yake anabaki na tangazo la kurudi nyumbani. Ila kusimulia kwa mkondo hakukuanza na wapanga rafu, kumo ndani ya maandiko yenyewe. Zaburi ya 78 ni historia tupu, Nehemia 9 wanaanza na uumbaji mpaka shida za siku ile, Stefano kwenye Matendo 7 anasimulia toka Ibrahimu mpaka wanampiga mawe. Na kuna jaribio lilishafanyika la kukata, mwalimu mmoja anaitwa Marcion pale Roma kwenye mwaka 144 hivi, akatupa Agano la Kale lote, akabaki na Luka aliyoipunguza na barua kumi za Paulo. Kanisa likamkataa. Yaani walipopewa nafasi ya kuachana na Waisraeli wakasema hapana, hawa ni wazee wetu.

Mkatoliki wa Rombo:

Tumsifu Yesu Kristo. Mnabishana kitu ambacho sisi tunakifanya kila mwaka, njooni Mkesha wa Pasaka. Taa zinazimwa, mshumaa unaingia, afu masomo saba ya Agano la Kale, linaanza la uumbaji, Ibrahimu na Isaka, bahari ya Shamu, manabii, ndo unafika waraka na Injili. Paroko anaweza kupunguza ila la kuvuka bahari haruhusiwi kuliruka. Na baada ya hapo watu wanabatizwa. Hiyo ndo nafasi yako kwenye simulizi, unaingia kwa maji. Hakuna anayeambiwa akakanyage kiwanja.

(Ni kweli somo la tatu kila mtu ameshasinzia, lakini ndo utaratibu.)

Bin Seif:

Napita tu. Sisi Ibrahimu, Yusufu na Musa tunao pia, Yusufu ana sura yake nzima kwenye Kurani kisa chake toka mwanzo mpaka mwisho. Ninachokiona hapa ni kwamba kila anayesimulia anajiweka yeye mwishoni, Wakristo mkiwaambia Wayahudi kwamba habari yao inaishia kwenu, na sisi tunawaambia yenu inaishia kwetu. Kwa hiyo mkituona tunawakera mjue Wayahudi walishakereka zamani. Endeleeni.

Mzee wa Nyakati Saba:

Mnachanganya mafaili. Israeli ni Israeli, kanisa ni kanisa, Mungu ana mpango wa dunia kwa wale na mpango wa mbinguni kwa hawa. Biblia yenye maelezo ya Scofield, yule mhubiri wa Marekani, ilishaeleza haya mwaka 1909. Ahadi za ardhi ni zao mpaka leo, kwetu ni kiroho tu. Mjadala umeisha.

Msomaji wa Nyakati:

Mzee shikamoo, ila haujaisha. Paulo hakupanda miti miwili kwenye Warumi 11, ni mzeituni mmoja, matawi mengine yamekatwa, mzeituni mwitu umepachikwa. Na anatuonya sisi tuliopachikwa, "si wewe ulichukuaye shina, bali ni shina likuchukualo wewe". Onyo hilo linampiga anayesema tumewarithi wao wamekwisha, na linampiga anayesema sisi tuna mti wetu.

Wa Goma:

Mimi nawasoma nikiwa Goma na naona mnacheza na moto bila kujua. Hili swali la nani ni nani ndani ya Biblia limeua watu. Makaburu wa Afrika Kusini kabla ya vita na Wazulu pale mto Ncome tarehe 16 Disemba 1838 waliweka nadhiri kwa Mungu, wakashinda, wakajiona ndo Israeli wa kusini, sasa jiulize Wazulu wakawa nani. Wakanaani. Huku kwetu ndo mbaya zaidi. Mwanzo 9:25 inasema alaaniwe Kanaani, watu wakaibeba hiyo laana wakampa Hamu baba yake Kanaani na weusi wote. Afu Speke, mpelelezi Mwingereza, kwenye kitabu chake cha 1863 akachanganya habari za wana wa Nuhu na dhana kwamba watawala wa maziwa makuu walitoka Uhabeshi, yaani Ethiopia. Wazungu waliofuata wakaikuza ikafundishwa mpaka shuleni kwamba Watutsi ni Wahamiti, yaani wazao wa Hamu, ni wageni. Mwaka 1992 mwanasiasa wa Rwanda akasimama jukwaani akasema warudishwe Uhabeshi kwa kupitia mto Nyabarongo, na 1994 mito ile ikabeba maiti kweli. Kwa hiyo ndugu zangu mkimwambia mtu akakanyage amiliki, mkumbuke kwamba Yoshua alipokanyaga palikuwa na watu wanaishi.

Msomaji wa Nyakati:

Wa Goma hili ningelitanguliza kwenye mada yenyewe. Sina cha kuongeza.

Mama Upendo:

Hamjambo wanangu. Mimi sijasoma chuo cha Biblia, nauza mboga. Hilo neno la Yeremia mnalolichambua mimi lilinishika mkono mume wangu alipolazwa, sikujua habari za Hanania wala Yekonia, na sioni kama nilimwibia mtu. Mnasema kudandia. Ruthu alikuwa nani? Mmoabi, na sheria ilisema Mmoabi asiingie, kamdandia mama mkwe wake njiani, kaambiwa rudi kakataa, leo yumo Mathayo 1 kwenye ukoo wa Yesu. Rahabu naye yumo, na huyo alikuwa Mkanaani wa hukohuko Yeriko, baba wa Goma sikia na hilo. Mungu akitaka watu wasidandie angefunga mlango.

Msomaji wa Nyakati:

Mama shikamoo. Umenifunga na neno nililolileta mwenyewe.

Ila naomba niliendeleze, maana umenikumbusha Kumbukumbu 26. Mkulima analeta kapu la malimbuko, anasimama mbele ya kuhani anaambiwa aseme "Baba yangu alikuwa Mwarami karibu na kupotea", afu anaendelea, Wamisri wakatutenda mabaya, tukamlilia Bwana, akatutoa. Wakatutenda nani? Huyu kazaliwa Kanaani, hajawahi kufyatua tofali hata moja Misri, lakini anasema sisi. Na Paulo anawaandikia Wakorintho, kanisa limejaa Wayunani walioacha sanamu juzi, anawaambia "baba zetu" walipita kati ya bahari. Kwa hiyo kudandia kunaruhusiwa, kumeamriwa kabisa, nakubaliana na wewe mia kwa mia. Mama ulipolishika neno kule wodini ulikuwa mtu wa uhamishoni unasikia barua ya uhamishoni, imekufikia.

Ninachopinga ni kudandia siti ya mbele tu. Kumbukumbu 28 tunaimba "kichwa wala si mkia", baraka ziko mistari 14, laana zinazofuata ni mistari 54, kama sura ni yetu mbona hizo 54 hatutangazii mwaka? Na kwenye Kumbukumbu 26 mkulima akimaliza kusema anaambiwa afurahie mema aliyopewa pamoja na Mlawi na mgeni. Aliyejikumbuka kwamba alitoka kwenye kupotea anafungua sufuria. Waebrania 11 mwishoni inasema wale wazee wote hawakuipata ahadi, "ili wao wasikamilishwe pasipo sisi". Ibrahimu anatungoja sisi, afu sisi tuko bize na kiwanja.

Pasta Kijana:

Sawa, tumalizie basi kwa uwazi maana naona unakokwenda. Malaki 3:10, leteni zaka kamili ghalani. Nayo ya Israeli tuiache?

Msomaji wa Nyakati:

Sijasema iachwe. Lile ghala ni la chakula, lilikuwa hekaluni, la kuwalisha Walawi ambao hawakugawiwa ardhi. Nehemia 13 anakuta hawajapewa posho wamekimbilia mashambani kwao. Kumbukumbu 14 inasema zaka nyingine mwenye nayo anaila mwenyewe na nyumba yake mbele za Bwana, na kila mwaka wa tatu inabaki mjini ale Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Kwa hiyo ukihubiri Malaki hubiri na ghala liko wapi, funguo anazo nani na anayekula ni nani. Na usianzie mstari wa 10, anzia wa 5, Mungu anakuja kuhukumu wanaomwonea "mwenye kuajiriwa kwa ajili ya mshahara wake", mjane, yatima na mgeni.

Pasta Kijana:

Wa 5 nitausoma jumapili hii mbele ya wazee wa kanisa wote. Na wa 10 nitausoma vilevile, maana mwalimu wa chekechea yetu analipwa na hiyohiyo sadaka na mwezi huu hajapata.